Ushahidi Mbele ya Tabibu wa Akili

 

Ndugu Waislamu, leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo nyumba nyingi hulifunika: maradhi ya akili, na namna tabibu anavyoyapima na kuyatambua. Wako wadhanio kuwa daktari wa maradhi haya hana kipimo, bali hukisia tu. Wako wadhanio kuwa ana mashine ionayo yote yaliyomo kichwani, hata ikawa hapana haja ya kumwambia neno. Dhana zote mbili si sahihi, na hii ya pili ndiyo idhuruyo zaidi.

Mtu akiwa na homa, tone la damu chini ya darubini laweza kuonyesha vijidudu vya malaria hata kama mgonjwa amenyamaza kimya. Lakini kwa huzuni iliyokwisha kuwa ugonjwa, ambayo madaktari huiita sonona, au kwa maradhi yaitwayo skizofrenia, hakuna hadi leo tone la damu wala picha ya ubongo itoshayo kuyathibitisha. Damu hupimwa, naam, lakini kwa sababu nyingine. Malaria iliyopanda kichwani, sukari iliyoshuka, kaswende ya muda mrefu, tezi ya shingo, kifafa, bangi na pombe, vyote hivi vyaweza kumfanya mtu aweweseke au abadilike tabia. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla usiku wa jana huenda ana maambukizo ya njia ya mkojo tu. Sababu za mwili hutafutwa kwanza.

Baada ya hapo tabibu hufanana na kadhi: hutafuta ushahidi. Humtazama mgonjwa alivyovaa na anavyokaa. Husikiliza kama maneno yake yanafuatana. Humwuliza usingizi wake, chakula chake na hali ya moyo wake. Kama asikia sauti wasizozisikia wengine. Kama ajua leo ni siku gani. Na kama mwenyewe aona kuwa anaumwa. Humwuliza pia waziwazi kama amefikiri kujiua. Jamaa wengi huchukia swali hili, wakichelea kwamba litamtia mgonjwa wazo asilokuwa nalo. Sivyo. Swali halipandi wazo hilo. Humpa aliyelificha nafasi ya kulitoa.

Kisha huangalia muda na madhara. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, ulioanza kutumika Januari 2022, hauiti huzuni kuwa sonona mpaka dalili zisizopungua 5 kati ya 10 ziwepo sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, na ziwe zimemvurugia mtu maisha yake. Mjane aliaye katika eda si mgonjwa kwa kulia kwake. Majonzi ya msiba hayahesabiwi kuwa maradhi ila yakipita miezi 6, yakamlemea mtu, na yakavuka kiasi kijulikanacho katika mila na dini ya watu wake. Nasi tusione kuwa elimu hii ni ngeni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, yaani 934, aliandika kitabu juu ya siha ya miili na nafsi, akapambanua huzuni yenye sababu ijulikanayo na huzuni ijayo bila sababu.

Tazameni waswasi. Kijana anatia udhu; akimaliza huona kiwiko hakikulowa, akaanza tena, mara 10, mara 20, hata sala ya jamaa ikampita. Nyumbani husema, huyu mcha Mungu. Yeye mwenyewe analia. Tabibu hamwulizi kama udhu ni wajibu; hiyo si kazi yake. Humwuliza anatumia muda gani, kama amejaribu kuacha akashindwa, kama jambo hilo lamtuliza au lamtesa. Likimla zaidi ya saa moja kila siku, au likimharibia masomo, hapo lina jina la ugonjwa, na lina tiba. Mafakihi nao, tangu zamani, walimwambia mwenye waswasi asiifuate shaka yake. Hapo wawili hawa wamekutana.

Na katika mambo ya itikadi, tabibu mwangalifu huwauliza jamaa: je, hivi ndivyo alivyokuwa? Itikadi ya watu wote wa mahali haihesabiwi kuwa dalili, na kuamini kuwa majini wapo si ugonjwa. Lakini mtu asemaye leo kwamba jirani anamtilia fikira kichwani kwa redio, naye zamani hakuwa hivyo, hata ndugu zake humstaajabia. Nani aijuaye tofauti hiyo kama si waliokaa naye?

Lakini wakaao naye ndio wafichao. Mzazi haseMi kwamba shangazi wa binti aliugua vivyo hivyo, asije akakosa mchumba. Mwingine humleta kaka yake mwenye huzuni, akanyamaza kwamba mwaka jana alikaa siku nyingi bila kulala, akigawa mali na kujiona mfalme. Tabibu asipolijua hilo, huenda akampa dawa ya huzuni peke yake, nayo yaweza kumrudisha katika wazimu ule ule. Wala mtu asijizuie kwa kuogopa dhambi ya kusengenya: wanavyuoni wameruhusu kutaja hali ya mtu penye haja ya kweli, na tabibu amefungwa na kutunza siri.

Basi aendaye na mgonjwa awe yule alalaye naye nyumba moja, si mkubwa wa ukoo aliyefika juzi. Achukue vyeti vya zamani na dawa zote, za mitishamba pia, aseme na makombe aliyokunywa, na mwezi mabadiliko yalipoanza. Kisha atoke nje kidogo, ili mgonjwa aseme na tabibu faraghani. Na tabibu asipotoa jina la ugonjwa siku ile ya kwanza, au akilibadili baada ya miezi, msimhame. Mengine hayajulikani ila kwa kumwona mtu mara kwa mara.