KIKOHOZI CHA WIKI MBILI USIKIFICHE
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama)



Leo sisemi habari za bei ya ndizi. Nasema habari za kikohozi. Huku kwetu milimani mtu akikohoa tunasema ni baridi tu, ni ukungu wa Uluguru. Mwezi ukipita tunasema karogwa. Akikonda, basi tena, ni ugonjwa wa ukoo wao. Hapana jamani.

Kifua kikuu kinaletwa na kijidudu. Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alikitangaza mwaka 1882. Kinapita hewani mgonjwa anapokohoa, siyo kwa sahani wala kwa kupeana mkono. Nyumba zetu tunazifunga kwa ajili ya baridi, tunalala wengi chumba kimoja. Hapo ndipo kinapotoka kwa baba kikaingia kwa mtoto, nasi tukasema ni cha ukoo.

Sasa sikilizeni ya panya. Pale Morogoro mjini, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku, hawa hawa wanaotumalizia mazao, wanuse makohozi. Panya mmoja ananusa sampuli 100 kwa dakika kama 20. Akiganda kwenye sampuli moja, wataalamu wanaipima tena kuhakikisha. Wagonjwa wengi ambao hadubini iliwapita wamepatikana hivyo. Lakini panya hawezi kunusa makohozi uliyoyaficha nyumbani!

Basi tushike haya:

(a) Ukikohoa wiki 2 au zaidi, ukitoka jasho usiku, ukikonda ama ukitema damu, nenda zahanati ukapimwe makohozi.

(b) Dawa za kifua kikuu kwenye vituo vya serikali ni bure. Dozi kwa kawaida ni miezi 6. Mwezi wa pili utajiona mzima, utashika jembe. Usiache dawa! Ukiacha, kijidudu kinakuwa sugu, na kukitibu kunakuwa kazi kubwa zaidi.

(c) Ziba mdomo ukikohoa. Fungua madirisha, hewa ipite.

(d) Mgonjwa asitengwe. Siku yake ya kushuka kufuata dawa, jirani amwagilie bustani yake. Njia ya mlima ni ndefu, na wengi wanaacha dozi kwa kuchoka safari, siyo kwa ukaidi.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na kwa ugonjwa huu, anayeficha haumbuki peke yake, anaumbuka na watoto wake.