Bei ya Dola na Mshahara wa Askari

Paundi ya Sudan Kusini ilizaliwa Julai 2011, siku chache baada ya bendera ya uhuru kupandishwa Juba. Serikali ikaifungamanisha na dola ya Marekani: dola moja kwa paundi 2.95. Nia ilikuwa njema, kwani nchi inunuayo unga na dawa kutoka nje huhitaji bei isiyoyumba.

Lakini kiwango cha fedha hakisimami kwa amri. Benki Kuu ikitangaza bei, sharti iwe na dola za kumwuzia kila mwenye haja kwa bei hiyo. Dola za Juba zilitoka karibu zote katika mafuta. Januari 2012 visima vilifungwa kwa ugomvi na Khartoum juu ya malipo ya bomba, hadi Aprili 2013. Desemba mwaka huo vita vikazuka. Mwaka 2014 bei ya mafuta duniani ikaporomoka. Dola zikaadimika, kiwango kikabaki pale pale.

Hapo ulanguzi ukaota mizizi. Kufikia mwisho wa 2015, aliyepata dola benki kwa paundi 2.95 aliweza kuiuza mtaani kwa paundi 18 hivi. Faida hiyo haikutokana na jembe wala kiwanda, bali na kibali. Mwananchi sokoni Konyo Konyo alilipa bei ya mtaani.

Desemba 15, 2015, Benki Kuu iliachilia kiwango hicho. Dola ikapanda hadi paundi 18.5. Chukua mfano wa askari wa mshahara wa paundi 590. Kwa hesabu ya kale hizo ni dola 200. Kwa hesabu mpya hazifiki 32. Oktoba 2016 mfumuko wa bei wa mwaka ulipita asilimia 800. Kiwango cha kale kilificha hasara tu, hakikuizuia.

Tanzania nayo iliwasaka walanguzi mwaka 1983. Hata hivyo, bidhaa hazikurudi kwa wingi madukani mpaka masharti ya biashara yalipoanza kulegezwa mwaka 1984. Kumkamata mbadilishaji fedha wa njiani ni kutimiza sheria. Lakini nguvu za dola hazizai dola.

Dola huletwa na mafuta yanayotiririka, mazao yanayouzwa na lori lipitalo barabara ya Nimule bila kutozwa hongo. Askari alindaye bomba na barabara hiyo kwa uaminifu ndiye alindaye mshahara wake mwenyewe.