Maarifa Yasibaki Kabatini



Baadhi yenu wahitimu mtaajiriwa na kampuni za ushauri elekezi. Kazi ya kwanza huenda ikawa kupanda basi hapo stendi ya Magufuli kwenda Singida au Mbeya kukusanya takwimu. Mtakaa na wanakijiji, mtaelezwa kwa nini mradi wa maji uliotangulia ulikufa. Mkirudi, ripoti itaandikwa na wakubwa, na kwenye kikao cha mteja hamtaitwa. Mliyoyajua yataishia daftarini.

Wapo wanaosema wakubwa hawagawi maarifa kwa sababu ya uchoyo. Mimi sikubali. Kampuni hulipwa na mteja kwa siku za kazi. Saa ya kumfundisha kijana haina wa kuilipia. Mwenye mkataba wa miezi sita anahofu kwamba akishagawa anachokijua hataongezewa mwingine. Na kijana aliyelelewa kutomkosoa mkubwa hunyamaza hata akiona hesabu imekosewa. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu tunaliita adabu. Ipo pia siri ya mteja, na ni wajibu kuitunza. Lakini njia tuliyotumia kupima kisima si siri ya mtu.

Mwaka 2011, Profesa Mahmood Mamdani, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, alionya kule Chuo Kikuu cha Makerere kwamba utamaduni wa ushauri elekezi unadhoofisha utafiti: mshauri hutafuta jibu la swali aliloletewa na mteja. Ndivyo ilivyo. Hadidu za rejea zikishajibiwa, faili hufungwa, na maswali mapya yaliyozuka uwandani hayana mwenyewe.

Wahandisi wametuonyesha njia. Tangu 2003, Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango ambao mhitimu hufanya kazi kwa miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Huko kufundisha ni sehemu ya kazi, hakungoji hisani ya mtu.

Wenye kampuni mlioketi hapa, nawaomba kwa dhati: kwenye hesabu ya saa za kazi tengeni za kufundishana, nazo zilipwe. Kijana aliyetoka uwandani aingie kwenye kikao, apewe hata dakika kumi aeleze alichokiona. Nanyi wahitimu, kila mradi ukifungwa, andikeni kurasa mbili za yaliyoshindikana na sababu zake, mziache ofisini, ili atakayetumwa wilaya ileile mwakani aanzie mlipoishia.