Tarakimu Sita

Msikilizaji, ni saa mbili usiku, wali uko jikoni, simu inaita. Sauti ya upole, inakutaja majina yako yote matatu. "Mama, habari za jioni. Napiga kutoka benki yako, kitengo cha usalama. Kuna mtu anatoa laki nne kwenye akaunti yako sasa hivi." Moyo unadunda. Hapohapo meseji inaingia, ina tarakimu sita. "Nisomee hizo namba, mama, tuuzuie huo muamala."

Hapo ndipo penye wizi. Tarakimu zile hazizuii chochote. Mtu huyo keshajaribu kuingia kwenye akaunti yako, amekwama hatua ya mwisho, anakungoja wewe umpe ufunguo. Hebu isome meseji yote: mara nyingi imeandikwa usimpe mtu yeyote!

Lakini tusidanganyane, benki hupiga kweli. Kadi yako ikitumika mahali pasipo pa kawaida, wanaweza kukuuliza: ni wewe uliyefanya muamala huu? Unajibu ndiyo au siyo, basi. Hawaulizi namba ya siri, wala hawakuambii uhamishie hela kwenye "akaunti salama". Ukisema utawapigia mwenyewe, hawanuni. Tapeli ndiye hupandisha sauti: "Mama, ukikata tu, hela imekwenda!"

Kata. Jina linalotokea kwenye kioo cha simu linaweza kughushiwa, kwa hiyo piga namba iliyo nyuma ya kadi yako. Na kwa walio Tanzania, mripoti tapeli huyo kwa meseji kwenda 15040.