Shahada ya saikolojia ipimwe kwa lipi?

Msikilizaji, Chuo Kikuu cha Nairobi, kama vyuo vingine vya umma nchini Kenya, hufundisha shahada ya kwanza ya saikolojia. Lakini katika kuipima shahada hiyo, kibali cha Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ni mwanzo tu. Mimi ningeuliza kwanza: mwanafunzi anasomeshwa utafiti uliofanywa kwa nani? Mwaka 2010 mtafiti Joseph Henrich na wenzake walionyesha kuwa sayansi hii imejengwa zaidi kwa kuwachunguza watu wa nchi za Magharibi, tena wengi wao wanafunzi wa vyuo. Vipimo vilivyotungwa huko haviwezi kutumiwa Kibera au Lamu bila kujaribiwa upya. Kuvijaribu kunahitaji hesabu, ndiyo maana somo la takwimu, ambalo wengi hulikimbia, ni uti wa mgongo wa shahada hii.

Kisha mafunzo kwa vitendo. Nani anamsimamia mwanafunzi? Je, mwanafunzi huyo amezoea kumhoji mgonjwa kwa Kiswahili? Sheria ya mwaka 2014 inawataka washauri nasaha na wanasaikolojia wasajiliwe, na ni haki kabisa, kwani wanashika maisha ya watu. Mzazi, peleka maswali haya idarani kabla hujalipa karo.