Intaneti Haiko Hewani: Kwa Nini Anayeanza Aanze na Pakiti



Mhadhara huu umezaliwa na ubishi. Tulikuwa kwenye kikao cha kupitia mtaala wa kozi ya kompyuta kwa wanaoanza, nikapendekeza saa mbili za mwanzo zitumike kueleza jinsi intaneti inavyofanya kazi. Mwenzetu mmoja, mtu ninayemheshimu sana, alipinga, na wengi wakamwitikia kwa vichwa. Alisema kijana wa leo amekua na simu mkononi. Mtandao uko hewani na anaupata. Tumfundishe kutafuta habari, kutuma barua pepe na kujihadhari na matapeli, mengine tuwaachie mafundi. Pendekezo langu likaanguka. Leo nimekuja kulitetea mbele ya hadhara kubwa zaidi.

Hoja ile ina miguu miwili. Wa kwanza unasema mtandao uko hewani. Wa pili unasema mtumiaji hana haja ya kujua unavyofanya kazi. Naanza na wa kwanza, kwa kuwa wa pili umeuegemea.

Imani kwamba mtandao uko hewani haikutokea bure. Simu haina waya, na hilo ni kweli. Lakini wimbi la redio litokalo kwenye simu yako linaishia kwenye mnara, na mara nyingi mnara huo hauko mbali na ulipokaa. Kutoka hapo mazungumzo yako yanaingia kwenye faiba iliyofukiwa kando ya barabara. Pasipo na faiba, yanarushwa mnara hadi mnara mpaka yaikute. Safari ya hewani ni kipande kifupi cha mwanzo. Na picha tunazoambiwa ziko kwenye wingu zimo ndani ya diski za seva, kwenye jengo lenye milango, umeme, mitambo ya kupoza joto na walinzi.

Hapo mtu hutaja setelaiti. Hili linataka hesabu, nami naomba tuifanye pamoja, maana hesabu hii haimwonei mtu. Setelaiti ya mawasiliano inayoonekana kusimama mahali pamoja angani iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ujumbe ukipanda na kushuka umekwenda zaidi ya kilomita 71,000. Mwanga, ambao hakuna kinachoupita kwa kasi, husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo safari hiyo inakula karibu milisekunde 240. Jibu nalo lazima lipande na kushuka. Swali na jibu, basi, ni karibu nusu sekunde, na hakuna fundi wa kuipunguza.

Sasa tazameni mkongo wa baharini wa TEAMS, unaotoka Mombasa hadi Fujairah, kwenye Falme za Kiarabu: takriban kilomita 5,000. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga hupungua mwendo hadi kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda ni milisekunde 25, kurudi 25, jumla 50. Na kufungua ukurasa mmoja hakumalizwi kwa swali moja. Kwanza kivinjari kinauliza anwani ya seva kwa namba. Kisha kinabisha hodi na kusubiri kuitikiwa. Halafu pande mbili zinapatana juu ya funguo za usimbaji. Ndipo ukurasa wenyewe unaombwa. Kwa utaratibu huo, hizo ni safari nne za kwenda na kurudi. Tuseme zote zinaishia Fujairah: kwa mkongo zinachukua sehemu ya tano ya sekunde, na kwa setelaiti ile ya mbali karibu sekunde mbili kabla herufi ya kwanza haijaonekana. Waliotumia mtandao wa Afrika Mashariki kabla ya 2009 wanaijua hesabu hii, maana waliishi ndani yake.

Mtaniambia kuna setelaiti mpya zinazozunguka chini, kilomita 550 hivi, na kwamba ucheleweshaji wake ni mdogo. Nakubali. Nakubali pia kwamba Januari 2022, volkano ilipolipuka Tonga na kuukata mkongo uliokiunganisha kisiwa kikuu na dunia, watu wake walisaidiwa na setelaiti kwa wiki kadhaa mpaka mkongo ulipotengenezwa. Lakini hata setelaiti hizo za chini hushusha mizigo yao kwenye vituo vya ardhini, na vituo hivyo vimeunganishwa na faiba. Zaidi ya asilimia 95 ya data inayovuka kutoka bara hadi bara inapita chini ya bahari, ndani ya mikongo ambayo kwenye kina kirefu unene wake ni milimita 20 hivi.

Pwani yetu si mgeni wa jambo hili. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulilazwa kutoka Aden kupitia Zanzibar na Msumbiji hadi Durban. Miaka 130 baadaye, Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukifika Mombasa na Dar es Salaam. TEAMS ukafuata mwaka huohuo, na EASSy mwaka 2010. Na kitu kilicholala sakafuni mwa bahari hukatika. Februari 2012 nanga ya meli iliukata TEAMS karibu na Mombasa. Februari 2024 mikongo kadhaa, SEACOM ukiwemo, iliharibika katika Bahari ya Shamu. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, EASSy na SEACOM ikakatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na mtandao ukazorota Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Njia ya kaskazini ilikuwa na jeraha, na ya kusini ikakatwa.

Siku zile nilisikiliza watu wakizungumza. Aliyeamini mtandao uko hewani alingoja urudi kama mkulima anavyongoja mvua. Hakuwa na wa kumwuliza, kwa sababu kitokacho angani hakina msimamizi. Aliyejua mikongo aliuliza: umekatika wapi, meli ya matengenezo iko wapi, na kwa nini nchi yetu inategemea njia chache hivi? Tofauti ya watu hawa wawili ni tofauti ya uraia, na ndiyo inayonifanya niukatae mguu wa kwanza wa hoja ile kwa nguvu zote nilizonazo.

Historia ya intaneti nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa wenzangu wanaijua na wanafunzi wataisoma. Ujumbe wa kwanza wa ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, ulitumwa California tarehe 29 Oktoba 1969. Mwaka 1974 Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha mpango wa kuunganisha mitandao isiyofanana. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET ikahamia kwenye kanuni zilizotokana na mpango huo. Wavuti ni mdogo kwa intaneti: Tim Berners-Lee aliupendekeza kwenye kituo cha utafiti cha CERN mwaka 1989, na Aprili 1993 CERN ikauachia ulimwengu utumike bila malipo. Intaneti ni njia. Wavuti ni mojawapo ya mizigo inayopita humo, pamoja na barua pepe, simu za video na miamala ya fedha.

Ninapotaka kukaa ni kwenye waraka mmoja wa Septemba 1981 uitwao RFC 791, uliohaririwa na Jon Postel katika taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Southern California. Nimeusoma mara nyingi kuliko andiko lingine lolote la fani yangu, na kila mara unanifundisha. Unaeleza itifaki ya intaneti, yaani kanuni ambazo kila pakiti inazifuata. Pakiti ni kipande cha data. Picha unayomtumia ndugu yako haisafiri nzima. Inakatwa vipande, na kila kipande kinafungiwa kichwa cha baiti 20 au zaidi. Kwenye kichwa hicho mna anwani ya mtumaji na anwani ya mpokeaji, kila moja ikiwa na biti 32, ndiyo maana anwani za aina hiyo haziwezi kuzidi bilioni 4.3 na leo tunahamia kwenye anwani ndefu zaidi. Mna urefu wa pakiti, ambao haupiti baiti 65,535. Mna namba ya kuhakiki usahihi, lakini ya kichwa peke yake. Yaliyomo ndani hayahakikiwi hapo.

Na hapa ndipo ninapowaomba usikivu. Waraka ule hauahidi kwamba pakiti itafika. Hauahidi kwamba zitafika kwa mpangilio. Ruta, yaani kifaa kinachoelekeza pakiti njiani, ikielemewa inaruhusiwa kuitupa pakiti. Kazi ya kuhesabu vipande, kuvipanga upya na kuomba kilichopotea kirudiwe imeachiwa kompyuta mbili za mwisho, ile ya mtumaji na ile ya mpokeaji, kupitia itifaki ya pili iitwayo TCP. Katikati pameachwa pepesi kwa makusudi. Kwa sababu katikati hapaahidi mengi, mtandao wowote unaweza kujiunga: wa chuo, wa kampuni, wa nchi tajiri au nchi maskini, wa faiba au wa redio. Sharti ni kukubali kupokea pakiti, kusoma anwani na kuisukuma hatua moja mbele. Hakuna ruta inayolazimika kuijua njia nzima. Intaneti ni mapatano ya makumi ya maelfu ya mitandao inayojitegemea, na mapatano hayo yanaenea kwenye kurasa chache.

Kuna uga mmoja katika kichwa kile ninaoupenda kuliko zote: biti nane zinazotaja umri wa pakiti. Thamani yake haivuki 255. Kila ruta inayoipokea pakiti inapunguza angalau moja, na umri ukifika sifuri, pakiti inaangamizwa. Bila kanuni hiyo, pakiti iliyopotea ingezunguka bila kikomo na njia zingejaa mizigo isiyo na mwenyewe. Mwaka 1987 Van Jacobson aliitumia kanuni hiyohiyo kuandika programu ya kufuatilia njia. Inatuma pakiti yenye umri wa moja. Ruta ya kwanza inaiua na kurudisha taarifa. Inatuma yenye umri wa mbili. Ruta ya pili inajitambulisha. Hivyo hivyo hadi mwisho, mpaka njia nzima ionekane, isipokuwa pale ruta zinapochagua kunyamaza.

Nilipokuwa mhadhiri kijana niliiendesha programu hiyo mbele ya darasa la mwaka wa kwanza, nikielekeza pakiti kwenye seva ya taasisi iliyokuwa mji uleule, mwendo wa daladala moja kutoka chuoni. Tukaona mistari ikijiandika ukutani: lango la chuo, mtoa huduma wetu, kisha ruta zenye majina ya miji ya Ulaya, kisha kurudi tena nyumbani. Mwanafunzi mmoja wa kike akasimama akauliza: "Mwalimu, kwa nini imekwenda Ulaya kumtafuta jirani?" Sikumbuki swali bora kuliko hilo kutoka kwa mtu anayeanza. Jibu lake halikuwa la kifundi. Watoa huduma wawili wa mji mmoja hawakuwa wamepatana kubadilishana pakiti hapa nyumbani, basi kila mmoja alizipeleka kwa msambazaji wake wa ng'ambo, wakakutania huko, na gharama ya safari tukailipa sisi.

Dawa yake inaitwa kituo cha kubadilishana data: chumba chenye swichi ambamo kila mtoa huduma analeta waya wake. Watoa huduma wa Kenya walifungua chao, KIXP, mwishoni mwa 2000. Mdhibiti wa mawasiliano akakifunga muda mfupi tu baada ya kuzinduliwa, kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa. Watoa huduma walieleza kwamba swichi ile haivushi chochote nje ya nchi. Kikafunguliwa tena mwaka 2002. Walioshinda kesi hiyo ni watu waliojua kueleza pakiti inapita wapi.

Sasa nirudi kwenye mguu wa pili, kwamba mtumiaji hana haja ya kujua. Naupa haki yake. Vipindi ni vichache, walimu ni wachache, na utapeli umewaumiza wazazi wetu. Anayetaka tuanze na usalama ana huruma ya kweli. Lakini tazameni usalama wenyewe unasimama juu ya nini. Tunamwambia mwanafunzi atafute alama ya kufuli kwenye kivinjari. Kufuli lile linasema mazungumzo yake na seva yamesimbwa, na kwamba seva ni ya jina lililoandikwa juu. Halisemi mwenye jina hilo ni mwaminifu. Tapeli naye hupata kufuli. Kinachomwokoa mwanafunzi ni kulisoma jina kuanzia mwisho wake. Jina linaloishia na go.tz limetolewa chini ya serikali ya Tanzania. Jina linaloanza na jina la benki yako lakini likaishia na jina la mtu mwingine ni mali ya huyo mwingine. Hakuna orodha ya tahadhari itakayokariri kila hila mpya. Aliyeelewa majina yanavyogawiwa ataitambua hila ambayo mwalimu wake hakuwahi kuiona.

Kwa hiyo pendekezo langu linabaki pale pale. Saa ya kwanza, ramani ya mikongo: inapofika Dar es Salaam na Mombasa, inapopita, nani wanaimiliki. Saa ya pili, pakiti: kichwa chake, anwani zake, umri wake; na kila mwanafunzi afuatilie kwa simu yake mwenyewe njia ya kuifikia seva iliyo karibu naye. Baada ya hapo ndipo tufungue kivinjari. Nitalirudisha pendekezo hili kwenye kikao kijacho, na likianguka nitalirudisha tena, kwa sababu njia ya ziada ya baharini na kituo imara cha kubadilishana data havijengwi kwa ufundi mtupu. Vinajengwa pale wananchi wanapojua cha kudai na wa kumdai.