Ghala ya Ng'ombe Chini ya Ardhi

Hotuba kwa wafugaji na walimu, Buzuruga, Mwanza



Kwetu Usukumani hapana nyumba yenye busara isiyojua michembe. Viazi vikiwa vingi, mama hukata, huanika, huweka akiba. Njaa ikija, watoto hula. Basi nauliza: mbona binadamu ana michembe yake, na ng'ombe hana?

Mtajibu kwamba ng'ombe ana ngitili. Ni kweli, na desturi hiyo ya kuyafunga majani wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi ni njema sana. Huko Shinyanga ilitiwa nguvu mpya tangu mwaka 1986 na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga. Lakini sisi tukaao karibu na mji twaona jinsi nyumba zinavyomeza nafasi ya malisho. Na kila baada ya mavuno mabua ya mahindi na marando ya viazi huachwa yaliwe na mchwa, au huchomwa moto. Hicho ni chakula tunachokichoma.

Dawa yake ni kuvundika. Mahindi yakikomaa, vunjeni magunzi mapema, mkayakate mabua yangali na ubichi. Yakatekateni vipande vifupi vya urefu wa sentimita 2 hadi 3, mkachanganye na marando. Fumbateni kidogo mkononi: yakishikamana bila kutoa maji, yanafaa. Tandikeni nailoni shimoni, mtie tabaka kwa tabaka, mkinyunyiza molasi iliyozimuliwa kwa maji, na kila tabaka mlikanyage sana, kwa maana hewa ndiyo adui. Kisha funikeni kwa nailoni, fukieni kwa udongo, mkachimbe mfereji wa kuepusha maji ya mvua. Baada ya siku 30 fungueni upande mmoja tu. Yakinukia uchachu mzuri, wapeni. Yakiwa na ukungu au uvundo, yatupeni.

Mabua yaliyokwisha kukauka kabisa hayavundiki vema. Hayo yawekeni chini ya paa. Tena jihadharini na machipukizi mabichi ya mtama yaliyopigwa na jua: yana sumu, na huua ng'ombe kwa muda mfupi.

Sasa tufanye hesabu. Shimo la urefu wa mita 3, upana mita 2, na kina mita 1, likishindiliwa vema, huchukua kadiri ya tani 3. Ng'ombe akipewa kilo 10 kwa siku pamoja na machungo yake, kwa siku 90 atakula kilo 900. Maana yake, shimo hilo latosha ng'ombe watatu, wala si kundi zima.

Basi wachagueni. Watangulieni maksai wa kulimia na ng'ombe mwenye ndama. Kwa kuwa mvua ikirudi na maksai hawawezi kusimama, plau italala, mbegu zitachelewa, na njaa ya ng'ombe itageuka kuwa njaa ya watu. Na mwenye kundi kubwa asingojee wakonde; auze wachache mapema, wangali na bei.

Walimu, chimbeni shimo moja shuleni ili watoto waone kwa macho yao. Wazee, mkianza ninyi, vijana watafuata. Mabua ya mwaka huu yasichomwe.